Msiseme Tena "Tulijengewa"



Kuna sentensi moja tunayoisikia kila mara parokia ya jimbo letu kuu inapoadhimisha jubilei, nasi leo tunaandika dhidi yake. Sentensi yenyewe ni hii: "Mapadri wa zamani walitujengea kanisa hili." Msoma risala huitamka, akina mama huipigia vigelegele, na kijitabu cha sherehe huirudia chini ya picha za mapadri wote, tangu wa kwanza mwenye ndevu ndefu hadi wa sasa. Wanaoisema wana nia njema. Hata hivyo ni sentensi ya uongo, na uongo huo una madhara, kwa maana aliyezoea kusema "nilijengewa" hukaa akingoja kujengewa tena.

Tuanzie mahali panapojulikana na kila mtoto wa Lubumbashi: Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo, katikati ya mji. Wote tunaijua historia yake kama inavyosimuliwa. Mwaka 1910 reli kutoka kusini ilifika hapa na mji ukaanza kupimwa viwanja. Mwaka huohuo Roma iliunda Prefektura ya Kitume ya Katanga na kuikabidhi kwa Wabenediktini wa abasia ya Mtakatifu Andrea, karibu na Bruges, nchini Ubelgiji. Kiongozi wao, Jean-Félix de Hemptinne, aliliongoza Kanisa la Katanga, kwanza kama prefekti na baadaye kama askofu, mpaka alipofariki mwaka 1958. Wasalesiani walifika mwaka 1911. Mapema katika miaka ya 1920 kanisa la matofali lilisimama. Ndivyo tunavyofundishwa, na yote hayo ni kweli.

Lakini angalieni nani anafanya kazi katika masimulizi hayo. Roma inaunda, abasia inatuma, prefekti anaongoza, kanisa linasimama. Linasimama lenyewe! Katika masimulizi hayo hakuna hata mtu mmoja mwenye udongo mikononi.

Fimbo ya kiaskofu haichanganyi udongo. Mtu yeyote aliyekulia pembezoni mwa mji wetu, akaona tanuru la matofali likifuka moshi, anajua kazi hiyo ina maana gani. Mji huu uliota juu ya nchi ya vichuguu, vingine virefu kuliko nyumba, na udongo wa kichuguu ndio uliolisha tanuru za matofali tangu mwanzo. Unavunjwa kwa sururu. Unaloweshwa kwa maji yaliyochotwa na mtu na kubebwa na mtu. Unakandwa kwa miguu, unatiwa katika kalibu, unaanikwa, unapangwa kuwa tanuru, unachomwa kwa kuni usiku na mchana, na mwenye kuchoma halali, kwa sababu moto ukizidi matofali yanapasuka na ukipungua yanabaki mabichi. Halafu yanapangwa kichwani, safari baada ya safari, hadi kwenye msingi. Kisha anakuja mwashi na mwiko wake na timazi yake. Hesabuni matofali ya ukuta mmoja tu wa kanisa lenu Jumapili ijayo, mkati wa matangazo yakirefuka, halafu mjiulize kila tofali lilipita katika mikono ya watu wangapi.

Watu hao walikuwa akina nani? Mji wa Élisabethville ulijaa watu waliotoka mbali: Waluba, Wabemba, Wasanga, Walamba wenyewe wa nchi hii, na baadaye watu wa Kasai na hata wa Rwanda. Tangu mwaka 1910 kulikuwa na shirika la kuandikisha wafanyakazi, Bourse du Travail du Katanga, lililokwenda kuwatafuta vijijini kwa ajili ya migodi na reli. Wengi hawakuja kwa hiari. Kodi iliwasukuma, chifu aliwataja, mwandikishaji aliwachukua. Ndani ya umati huo walikuwamo waliojifunza uashi, useremala na upigaji chapa katika misioni, na walikuwamo wakatekumeni waliojifunza sala za Kristu asubuhi na kubeba matofali mchana. Hakuna bamba la shaba lenye majina yao.

Tutaulizwa: je, mnataka kuwatukana wamisionari? Hapana. Tunajua kwamba waliacha wazazi wao, kwamba wengi walikufa vijana kwa homa, kwamba walichora ramani za majengo, wakaomba fedha kwao, na wengine walishika mwiko kwa mikono yao wenyewe. Waheshimiwe kwa hayo. Haki ni kumpa kila mtu fungu lake, na mwenye kumpa mmoja fungu la wote ameiba kwa wengine hata kama ameiba kwa wimbo na vigelegele.

Isitoshe, ukiyaondoa majina ya waliojenga, unaondoa pia maswali ambayo majengo yenyewe yanauliza. Ardhi, kwa mfano. Mwaka 1906 Vatikani na Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold II zilitia sahihi mkataba uliozipa misioni za Kikatoliki ardhi, hekta 100, na mahali pengine hadi 200, ili kwa upande wao zifungue shule. Mkataba huo ulizaa mema mengi. Baadhi yetu tulisoma katika shule zilizotokana nao. Lakini aliyetoa ardhi hiyo hakuwa mwenye ardhi. Kijana Mkatoliki anapaswa kulijua jambo hili kutoka kwetu, ndani ya nyumba, kabla hajalisikia kutoka kwa mtu anayetaka kumtoa katika Kanisa kwa kumwambia kwamba tulimficha.

Au tuchukue mahali lilipojengwa Kanisa Kuu. Lilijengwa katika mji wa Wazungu. Weusi walikaa upande wa pili, katika mtaa ulioitwa Cité Albert, ndiyo Kamalondo ya leo, na baadaye Kenya. Kati ya pande hizo mbili uliwekwa kwa makusudi ukanda mtupu usiojengwa, kwa kisingizio cha afya. Usiku Mwafrika hakuruhusiwa kutembea katika mji wa Wazungu. Basi mwashi aliyesimamisha ukuta wa kanisa alipomaliza kazi aliuvuka ukanda ule kurudi kwake. Ni nani aliyekaa katika viti vya mbele Jumapili iliyofuata? Hatuhitaji kulijibu swali hilo kwa sauti kubwa. Mnaopita katikati ya mji kila siku mnaweza bado kuona jinsi mitaa ilivyopangwa, mji huku, mitaa ya watu kule. Ramani ya Lubumbashi ni risala ambayo hakuna aliyeisoma kwenye jubilei.

Na kuna tarehe moja. Tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waliogoma kudai mishahara walikusanyika katika uwanja wa michezo wa kambi ya Lubumbashi. Askari waliwafyatulia risasi. Makumi walikufa, mmoja wao Léonard Mpoyi, karani aliyewasemea wenzake. Shule za kambi hizo zilikuwa mikononi mwa wamisionari kwa makubaliano na kampuni, na askofu de Hemptinne hakuficha ukaribu wake na serikali na wakubwa wa kampuni. Wazee wetu walisema kwamba serikali, kampuni na misioni yalikuwa mafiga matatu ya chungu kimoja. Chukueni vijitabu vya jubilei vya parokia zenu mtafute tarehe 9 Desemba 1941. Mtapata mwaka uliponunuliwa kinanda.

Hapo ndipo kundi la pili linaposimama na kusema: basi, ikiwa ni hivyo, majengo hayo ni ya ukoloni, yabomolewe, au angalau yafunikwe kwa vigae vinavyong'aa ili tusahau. Tunawajua wasemao hivi. Wengine ni vijana wenye hasira ya haki, wengine ni wazee wa kamati wenye shemeji muuza vigae. Kundi hili linadhani linapingana na lile la kwanza, kumbe wanasema jambo moja. Wote wawili wanaamini kwamba kanisa lile ni la Mzungu. Mmoja anashukuru, mwingine anakasirika, na mwashi wa Kamalondo anabaki nje ya mlango kwa mara ya pili.

Sisi tunasema jengo lile ni letu kwa sababu jasho lililomo ni la kwetu. Na si jasho tu. Mwaka 1976, wakati taifa zima lilipofundishwa kumsifu mtu mmoja, wakati majina yetu ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku, wakati Noeli ilikuwa imeondolewa katika siku za mapumziko na shule zetu zimechukuliwa na serikali, Askofu Mkuu Eugène Kabanga wa Lubumbashi aliandika barua ya kichungaji iliyoitwa "Mimi ni mtu", akaukemea ufisadi na uchu wa mali ulioila nchi. Aliyeandika vile alikalia kiti cha de Hemptinne, ndani ya kuta zilezile za matofali. Ukibomoa ukuta kwa sababu ya mwaka 1941, umebomoa pia mahali pa mwaka 1976. Nyumba ya familia hutunzwa pamoja na aibu zake, na watoto husimuliwa zote mbili.

Kanisa letu la Kongo, tena, lina mwenyeheri aliyewahi kuwa msaidizi wa mwashi. Isidore Bakanja, kabla ya kuchapwa mijeledi kwa sababu ya skapulari yake katika shamba la mpira na kufa tarehe 15 Agosti 1909, alifanya kazi ya uashi huko Mbandaka, na hukohuko alibatizwa akiwa kijana. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri mwaka 1994. Tuna vituo na vikundi vingi vyenye jina lake hapa mjini. Tunambeba katika bendera na fulana. Lakini tunasahau kazi ya mikono yake, na tunasahau kwamba aliwafundisha wenzake sala bila kuwa padri wala katekista wa mshahara. Mlei mwashi! Tungetaka mfano gani mwingine?

Sasa tuyaseme madhara tuliyoyataja mwanzoni, kwa sababu pengine mtu atadhani tunagombania maneno tu. Katika kambi za wafanyakazi, kampuni ndiyo iliyokuwa baba wa vyote. Union Minière, na baada yake Gécamines, ilitoa nyumba, unga, hospitali, shule, na mara nyingi mabati, rangi na umeme wa kanisa la kambi. Bomba likipasuka uliitwa mfanyakazi wa kampuni. Kisha ikaja miaka ya 1990. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, uzalishaji ukaanguka, mishahara ikakatika kwa miezi, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Nani alitunza makanisa baada ya hapo? Mahali pengine Wakristu walisimama: mama muuza mkaa akatoa, mstaafu asiyelipwa akapanda juu ya paa mwenyewe. Mahali pengine walikaa kamati, wakaandika barua Ulaya, wakangoja jibu chini ya paa linalovuja. Umaskini ulikuwa uleule pande zote mbili. Kilichotofautisha, kwa jinsi tulivyoona, ni kwamba wa kwanza walijiona wenye nyumba na wa pili walijiona wapangaji.

Mpangaji hatengenezi paa. Wala hajui mipaka ya kiwanja. Na katika mji huu ambamo viwanja vinamegwa mchana kweupe, ambamo mtu anaweza kuamka na kukuta ukuta mpya ndani ya uwanja wa shule, parokia isiyojua ilipata wapi ardhi yake, mwaka gani, kwa karatasi gani, ikiishia kwenye mti gani, ni parokia iliyo uchi. Atakuja mtu na karatasi yenye mihuri mitano, nanyi mtakuwa na wimbo wa jubilei.

Wako pia watakaotujibu kwa maneno matakatifu: Kanisa ni watu, si majengo, kwa nini tupoteze muda na matofali wakati vijana hawana kazi? Jibu hili tunaliheshimu kuliko yale mengine. Ni kweli kwamba Kanisa ni watu, na Katanga inalijua jambo hilo vizuri. Hapa kwetu, katika miaka ya 1950, Jamaa ilizaliwa katika nyumba ndogo za wafanyakazi wa migodi huko Kolwezi, mume na mke wakikutana na Padri Placide Tempels na kugundua kwamba Injili inaweza kukaa mezani kwao. Baadaye maaskofu wa Kongo walizifanya jumuiya hai za msingi kuwa nguzo ya uchungaji wao. Lakini ikiwa Kanisa ni watu, basi historia ya parokia ni historia ya watu, na ninyi mnaosema hivyo ndio wa kwanza mnaopaswa kukasirika mnapoona kijitabu chenye mapadri ishirini na walei sifuri. Mfunga mlango ambaye amepiga kengele kwa miaka arobaini yuko wapi? Yuko wapi katekista aliyeendesha ibada bila padri? Wako wapi akina mama wa Legio waliowapikia waashi? Hao ndio "watu" mnaowasema. Na kuiandika habari yao hakumnyang'anyi kijana kazi wala mkate. Kunahitaji daftari na viatu.

Msituambie kwamba kazi hiyo ni ya wasomi. Mwaka 1965, hapa hapa mjini, chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani, wale walioitwa "maboi", kiliandikisha historia ya Élisabethville kwa Kiswahili cha mji huu, bila kusubiri profesa. Aliyeikusanya na kuiandika aliitwa André Yav. Walipiga chapa kurasa zao kwa mashine, wakazirudufisha, wakasimulia mji ulivyojengwa kama walivyouona kutoka jikoni na uani: mishahara, viboko, majina waliyowapa mabwana wao. Miaka ishirini na mitano baadaye msomi Johannes Fabian alizichapisha ng'ambo kama hazina, na leo wanachuo wa nchi za mbali wanasoma Kiswahili chetu ili wazielewe. Chuo kikuu chetu nacho, tangu mwaka 2000, kimeendesha mradi wa kukusanya kumbukumbu za watu wa Lubumbashi. Watumishi wa nyumbani waliweza kwa mashine moja ya chapa. Ninyi mna simu inayonasa sauti katika kila mfuko, na mnaitumia kunasa kwaya ya parokia jirani ili mwige mtindo wake.

Tena muda si mwingi. Mtu aliyekuwa na miaka kumi wakati Ruashi ilipokuwa ikijengwa, katika miaka ya 1950, sasa amekaribia themanini au amezipita. Yuko katika parokia yenu. Anakaa karibu na nguzo, upande wenye kivuli, na baada ya Misa mnampita mkikimbilia mazoezi. Baba yake huenda alichoma matofali ya nguzo hiyohiyo. Mkimzika kabla ya kumuuliza, mtaimba vizuri sana kwenye mazishi yake.

Kwa hiyo tunavitaka vikundi vyote vya vijana vinavyosoma ukurasa huu vifanye jambo moja kabla ya sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo, tarehe 29 Juni. Mwendeeni padri paroko kwa heshima, mkiwa na mwenyekiti wa baraza la walei, mwombe kuvisoma vitabu vya zamani vya ubatizo na ndoa palepale ofisini, pasipo kutoka na hata ukurasa mmoja. Msitazame majina ya mapadri waliobatiza; hayo yameshachapwa. Tazameni safu za wazazi na wasimamizi, maana jina lilelile la msimamizi likirudi ukurasa baada ya ukurasa, aghalabu ni la katekista, na tayari mmempata mmoja. Andikeni majina hayo katika daftari, halafu nendeni nayo kwa wazee wa mtaa, kwa jina moja baada ya jingine: Mzee, huyu mlimfahamu? Alikaa barabara gani? Alikuwa na kazi gani? Nani alileta maji siku za ujenzi, na aliyachota wapi? Mpeni mzee muda. Kwanza atasema hakumbuki.

Na mtakapoandika risala ya jubilei ijayo, majina hayo yasomwe kabla ya orodha ya mapadri. Mapadri wenyewe, tukiwajua vizuri, hawatakataa. Kamati ikikataa kwa sababu programu ni ndefu, punguzeni hotuba za wageni waheshimiwa.